Honi ya Shaba au ya Plastiki? Hesabu ya Spea za Treni za Modeli

Kichwa cha treni ya modeli kikianguka kutoka mezani, mara nyingi mota hupona. Vinavyopotea ni vile vidogo: honi ya juu ya paa, kengele, vyuma vya kushikilia karibu na mlango, kiungio cha mbele. Unakiokota, unayaona matundu matupu, na papo hapo hesabu inaanza. Nitazungumzia kipimo cha HO, yaani 1:87, na vichwa vya dizeli vya Kimarekani, kwa kuwa spea zake ni nyingi na uchaguzi wake ndio unaowachanganya wanunuzi.

Kwenye viungio, usibane pesa. Kampuni ya Kadee ya Oregon hutengeneza vya chuma, na namba 5 yao imekuwa kipimo cha wapenzi wa treni hizi kwa miaka mingi. Vichwa vingi huja na viungio vya plastiki vya kuiga, ambavyo huonekana vya bure kwa sababu bei yake imo ndani ya treni. Lakini vile vyenye springi ya plastiki huchoka. Ukivuta mabehewa matatu hutaona tofauti; ukivuta ishirini kwenye mwinuko, treni inakatika katikati na nusu yake inarudi chini kwa kasi. Kati ya namba 5 na namba 148 bei hupishana kidogo tu. Ya kwanza inahitaji kibati chembamba cha springi kuirudisha katikati; ya pili ina springi zake mbili nyembamba kama sharubu, na huingia kwenye kisanduku kilekile cha kiungio. Anayeanza achukue 148. Anunue pia kipimo cha urefu, namba 205, ambacho hununuliwa mara moja tu, kwa sababu kiungio kizuri kilichokaa chini mno hufunguka kama kibovu.

Vyuma vya kushikilia vina hesabu tofauti. Waya unaotumika sana una unene wa milimita 0.3; zidisha kwa 87 upate milimita 26, karibu sawa na chuma cha kweli. Vya plastiki ni rahisi kubandika, ila vidole vikivigusa mara mbili tatu vinakatika. Waya utadumu, lakini unadai keekee ya mkono na biti namba 80, yenye upana wa milimita 0.34. Biti hizo huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo nunua pakiti nzima. Kwa kichwa kimoja, gharama ya vifaa itapita ya waya wenyewe. Ukiwa na vichwa vitano vya kutengeneza, waya unashinda bila ubishi.

Honi ndiyo inayowashawishi watu kulipa zaidi. Ya shaba njano ina midomo iliyochongeka vizuri, na huweza kuuzwa zaidi ya maradufu ya ile ya plastiki. Mimi huangalia kama sehemu hiyo huguswa au hutazamwa tu. Kichwa kinachotolewa sandukuni kila wiki kwenda kukimbia klabuni kinastahili shaba. Kinachokaa kabatini, plastiki iliyopakwa rangi kwa uangalifu inatosha, na pesa inayobaki ihamie kwenye viungio.

Vikingio virefu vya pembeni ni jambo jingine. Vingi ni vya plastiki laini, inayoteleza, isiyoshika gundi wala rangi sawasawa. Usipoteze supagluu. Tafuta seti nzima kwa mtengenezaji, na kama haipo, nunua kichwa kibovu cha mtumba cha aina hiyohiyo ukichinje kama gari. Hapo unapata vikingio, magurudumu, vioo na pengine mota kwa pamoja.

Kwa vichwa visivyo na spea madukani, kuna printa za resini. Anayetaka kutengeneza kichwa cha mvuke cha aina ya Garratt cha daraja la 59 ya reli za Afrika Mashariki anaweza kupiga picha na kupima namba 5918, Mount Gelai, kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, kisha akachapisha sehemu zake. Resini hutoa umbo safi sana, ila ni dhaifu inapodondoka.

Kisha ipo posta, ambayo wengi huisahau. Kengele moja huweza kugharimu kidogo kuliko nauli yake. Tangu tarehe 29 Agosti 2025, Marekani imesitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya kutoka nje vyenye thamani isiyozidi dola 800, kwa hiyo aliyeko huko akiagiza Uingereza aongeze na hilo. Kusanya mahitaji ya vichwa vitatu au vinne uagize mara moja, na kwa kila kitu kidogo kuliko punje ya mchele chukua viwili. Kengele ikichomoka kwenye kibano, huisikii inapotua.