Mnazi, Mkindu na Uzuri wa Nyumba ya Shamba

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba nyumba hupambwa kwa fedha: aliyezipata hununua zulia, mapazia na maua ya plastiki, na asiyezipata hungoja siku yake. Nyumba za mashamba ya Unguja, Pemba na mwambao wote wa Tanga hadi Lamu zinatufundisha vingine. Humo, mkono uliozoea kutotupa kitu ndio uliozaa mapambo. Utazame mnazi peke yake. Makuti huezekwa paani. Kuti bichi husukwa pakacha la kubebea maembe au samaki, kazi ya dakika chache tu. Makumbi hufukiwa ufukweni kwa miezi kadhaa yalainike, kisha wanawake huyatwanga wapate usumba wa kusokota kamba. Kifuu kikitiwa mpini huwa upawa, na chicha inayobaki baada ya kukamua tui hutupiwa kuku.

Lakini sanaa hasa iko kwenye mkeka. Msusi huchukua makuti machanga ya mkindu ambayo hayajafunguka, huyaanika, huyachana kwa kipimo kimoja, na mengine huyachemsha katika rangi. Zamani rangi ilitoka jirani: manjano ya jikoni na magome ya mikoko; siku hizi aghalabu hununuliwa ya unga dukani. Kisha husukwa ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache, nao hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utimie. Hapo ndipo kubana matumizi kunapogeuka uzuri. Kwa kuwa utepe ni mwembamba, nakshi haina budi kujirudia, na kila mshono hudai nakshi za pande mbili zikubaliane. Basi msusi husuka huku akihesabu, na hesabu hiyo ndiyo ambayo jicho huiona na kuipenda hata kama mtazamaji hajui sababu. Mkeka wa plastiki uliochapwa maua hauna hesabu ya aina hiyo, na ndiyo maana ua lake huweza kukatwa katikati pembeni pasipo mtu kujali.

Wapo watakaojibu kwamba plastiki ni rahisi, huoshwa kwa maji, na haimli mtu siku nyingi za kazi. Hoja ya muda ni nzito, tena nzito zaidi kwa sababu kazi hii huwaangukia wanawake ambao tayari wamebeba shamba, maji na watoto. Mnunuzi anayekaba bei kana kwamba gharama pekee ni majani yaliyookotwa bure anawadhulumu, na hilo halina utetezi. Hata hivyo ukili haudai siku nzima kwa mkupuo: huchukuliwa mkononi, husukwa kidogo barazani watu wakizungumza, ukawekwa, ukarudiwa kesho, bila mashine wala umeme. Urahisi wa plastiki nao una mwisho wake, kwani mkeka huo humtoa mtu jasho akiulalia, hukatika ukipigwa na jua, na hauozi. Ukili ukifumuka hushonwa tena. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafanya hivyo Juni 2019, kila mtu alilazimika kujiuliza atabebea nini sokoni, na kikapu cha ukili kilichokuwa kimedharauliwa kilikuwa na jibu tangu zamani.

Ipo pia hofu ya mkindu kwisha, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Mti huu huchipua machipukizi shinani, kwa hiyo huvumilia mkataji mwenye adabu, anayechukua makuti machache na kuuacha moyo wake. Haumvumilii anayekata kila kinachochomoza. Anayetaka kusuka kila mwaka hana budi kupanda, hasa mabondeni penye maji. Na aishiye mbali na mkindu aanze na kuti la mnazi: pakacha halihitaji rangi wala uzi, na bibi wa jirani anaweza kulifundisha kwa jioni moja.