Kabati la Viatu la Mlango wa Kulalia Mbele: Anza na Bawaba, Si na Msumeno

Katika nyumba nyingi za kwetu viatu huvuliwa mlangoni. Jua likizama na familia ikikamilika, pale mlangoni pana viatu vya shule, raba, kubadhi za kutokea, kandambili za uani na viatu vya mgeni aliyepita kusalimia. Mahali penyewe ni njia nyembamba ya kuingilia, na kabati la kawaida lenye kina cha sentimita 40 likiwekwa hapo watu hupita ubavuubavu. Kabati la mlango wa kulalia mbele linaondoa tatizo hilo kwa njia rahisi: viatu havilazwi kwenye rafu, vinasimamishwa ncha ikiwa chini. Mlango wake umefungwa bawaba chini badala ya ubavuni. Ukiuvuta kwa juu unakuja mbele pamoja na sanduku lililoungwa nyuma yake, na viatu vyote vinakutazama.

Kwa anayeanza useremala, hii ni kazi ninayoipendekeza kabla ya meza, na kabla ya kitanda. Haihitaji ulimi na tundu vya kuchongwa kwa patasi siku nzima. Mbao zake karibu zote ni vipande vya mstatili ambavyo mwenye mashine atakupasulia kwa muda mfupi. Ugumu wake uko mahali pamoja tu, nako ni kwamba sanduku linazunguka. Anayeanza hukata vipande vyote kwanza, akaunga, akapaka vanishi, kisha siku ya kufunga bawaba anagundua kwamba kona ya nyuma ya sanduku inagonga rafu ya juu na mlango hautoki. Hapo hakuna randa itakayomwokoa. Kwa hiyo kinachoamuliwa kwanza ni egemeo, yaani pale mlango utakapozungukia. Vipimo vingine vyote vinalifuata.

Tuanze na kiatu chenyewe. Namba za viatu za Ulaya, hizi za 38, 42, 45, zina hesabu ndani yake: kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita ya urefu wa kalibu ya kushonea. Zidisha namba kwa mbili, gawanya kwa tatu, unapata sentimita. Namba 42 ni sentimita 28, na namba 45 ni 30. Ongeza sentimita moja hadi moja na nusu kwa ajili ya soli na kisigino kinachotokeza. Basi sanduku lenye urefu wa sentimita 32 litapokea karibu viatu vyote vya nyumbani, isipokuwa buti na mabuti ya mvua ambayo yatafutiwe mahali pengine. Kwa upana, kiatu cha mwanamume huchukua sentimita 10 au 11. Sanduku la sentimita 73 linabeba jozi tatu kwa mstari, na likiwa na kina cha sentimita 20 linabeba mistari miwili. Masanduku mawili, moja juu ya jingine, ni jozi 12. Kandambili zitajipenyeza kwenye nafasi zinazobaki.

Sasa egemeo. Bawaba za kawaida, zile zenye mabawa mawili na kifundo katikati, zinatosha kabisa. Kifundo chake kikae nje, usawa wa uso wa mlango. Jambo hili watu hulipuuza. Kifundo kikikaa ndani, nyuma ya mlango, basi mlango unapolala ukingo wake wa chini kwa nje unashuka. Mlango wa milimita 18 ukiinama nyuzi 35 unashuka milimita 10 hivi, na hapo unasaga rafu au kugonga mlango wa chini yake. Kifundo kikiwa nje, hakuna sehemu ya mlango inayoshuka chini ya egemeo. Yote inapanda, na pengo la milimita mbili linatosha.

Kutoka kwenye egemeo hilo, kila kona ya sanduku inachora tao lake. Kona ya hatari ni ile ya juu kwa nyuma. Tuseme uwazi wa mlango una kimo cha milimita 400. Sanduku lina kina cha milimita 200, na mlango una unene wa 18. Kona ya nyuma basi iko milimita 218 kutoka usawa wa egemeo. Bao la nyuma lina kimo cha 320. Kwa kanuni ya Pithagoras tuliyofundishwa shuleni, umbali wa kona hiyo kutoka kwenye egemeo ni milimita 387. Inapopita juu kabisa ya egemeo itafikia kimo cha 387, nayo rafu iko 400. Inapita, na milimita 13 zinabaki. Mtu akitaka sanduku refu zaidi na kuinua bao la nyuma lifike 350, umbali unakuwa 412, na mlango hautafunguka kamwe. Tofauti ya sentimita tatu imeharibu kabati zima. Upande wa mbele, mbavu za sanduku zinaweza kufika kimo cha 390 bila shida, kwa sababu ziko karibu na egemeo. Ndiyo maana ubavu wa sanduku hukatwa mshazari, mrefu mbele na mfupi nyuma.

Asiyependa hesabu asikate tamaa. Chora kabati kwa ubavu, kwa ukubwa wake halisi, kwenye kipande cha plaiwudi au boksi lililokunjuliwa. Kata umbo la ubavu wa sanduku kwa karatasi ngumu, lishikize kwa msumari mdogo pale penye egemeo, kisha lizungushe. Kona ikigusa mstari wa rafu, punguza karatasi, si mbao. Hata mafundi wenye uzoefu hufanya hivi wanapobuni kitu kinachozunguka, na hakuna kifaa cha bei nafuu zaidi ya hicho.

Mchoro huohuo utakuonyesha mlango ulale kiasi gani. Wengi hudhani ni nyuzi 45 au zaidi. Kwa vipimo vyetu, kona ya nyuma inafika usawa wa uso wa kabati mlango ukiwa umeinama nyuzi 34 tu. Hapo mdomo wote wa sanduku uko nje, na sehemu ya juu ya mlango imetoka mbele sentimita 23 hivi. Kuendelea zaidi ni kumwaga viatu. Kizuizi kiwe mnyororo mwembamba kila upande, unaounganisha ubavu wa sanduku na ubavu wa kabati. Usiupime kwa kukisia: shikilia sanduku kwenye nyuzi 35, vuta mnyororo mpaka unyooke, kata hapo.

Kuna uzuri mmoja katika umbo hili ambao ninataka uuone mwenyewe. Hakuna haja ya komeo wala sumaku. Mlango ukiwa umefungwa, sehemu kubwa ya uzito wa sanduku iko nyuma ya egemeo, kwa hiyo uzito wenyewe unausukuma mlango ufunge. Ukiuvuta, kitovu cha uzito kinasogea mbele, na kikishavuka egemeo mlango unajilaza wenyewe kwenye mnyororo. Kwa plaiwudi na vipimo hivi, mgeuko huo hutokea karibu nyuzi 25 sanduku likiwa tupu, na karibu nyuzi 30 likiwa limejaa. Kabati linafunga kwa uzito wake na kukaa wazi kwa uzito wake. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuishia nyuzi 35 na si 20: ukikata mnyororo mfupi mno, mlango utakurudia mkononi kila unapoinama kuchukua kiatu.

Kuhusu mbao, chaguo langu kwa anayeanza ni plaiwudi, na nina sababu. Mbao za paina kutoka Mafinga ni nafuu na zinapatikana kila soko la mbao, lakini nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Ubao mpana wa sentimita 30 ukikaukia ndani ya nyumba unaweza kupungua karibu sentimita moja, ukajikunja juu ya hapo, na mlango unaoingia ndani ya fremu hausamehi hilo. Mninga hutulia kuliko mbao nyingi, na mtiki wa Longuza nao hautikisiki ovyo, ila bei za mbao hizo hazifai kujifunzia. Plaiwudi imepangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikipishana, hivyo haipungui kwa upana. MDF, yaani bao la nyuzi za mbao zilizogandamizwa, nayo imenyooka vizuri na inapakwa rangi kwa urahisi, lakini sakafu zetu zinapigwa deki kila asubuhi, na MDF ikinywa maji kingoni inavimba wala hairudi. Ukiitumia, iwe juu tu, mbali na sakafu.

Bao zima la plaiwudi ya milimita 18, lenye futi 4 kwa futi 8, linatoa kiunzi chote pamoja na milango miwili. Pasua kwanza vipande viwili virefu vya upana wa milimita 270: humo mnatoka mbavu mbili za 854 na mbao tatu za mlalo za 764, yaani ya chini, ya kati na ya juu. Milango inatoka kwenye upande uliobaki. Kumbuka msumeno wa mashine hula kama milimita tatu kila unapopita, kwa hiyo usichore vipande vikiwa vimegusana. Masanduku ni ya plaiwudi ya milimita 9, nusu bao inatosha, na mgongo wa kabati ni wa milimita 6. Kila sanduku liwe jembamba kuliko uwazi kwa milimita tano kila upande.

Pana sehemu moja ambapo plaiwudi ni dhaifu, nayo ni kingo zake. Skrubu ya bawaba ikiingia kwenye ukingo wa chini wa mlango inatenganisha matabaka, na baada ya miezi michache mlango unaning'inia. Kata mlango ukiwa mfupi kwa milimita 30, kisha ubandike kwa gundi nyeupe ya mbao kipande cha mninga au mtiki chenye unene uleule kwenye ukingo wa chini. Skrubu za bawaba zitashika mbao ngumu. Tundu la kutangulia litobolewe kwa keekee, dogo kuliko skrubu, la sivyo mninga utapasuka. Bawaba tatu za inchi mbili kwa kila mlango zinatosha. Bawa lake lisiwe pana kuliko unene wa mlango.

Kuunga kiunzi ni gundi na skrubu. Kabla gundi haijakauka pima ulalo, kona kwa kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, bana ile kona iliyo mbali mpaka vilingane, ndipo upige mgongo. Usiahirishe hili. Mlango unaofunika fremu kwa nje ungeficha upogo. Mlango unaoingia ndani ya fremu unautangaza.

Msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, halafu vanishi mara mbili au tatu, na vanishi hiyo iingie ndani ya masanduku pia. Kiatu kilichovaliwa kutwa kina jasho, na katika miji ya pwani hewa yenyewe ina unyevu mwingi. Ngozi ikifungiwa humo bila hewa inaota ukungu. Toboa mashimo ya milimita 20 kwenye sakafu ya kila sanduku na kwenye mgongo wa kabati, juu na chini, ili hewa yenye joto itoke na nyingine iingie. Mashimo ya mgongoni hayana kazi ikiwa kabati limegandana na ukuta. Acha sentimita moja au mbili. Chini, miguu ya mbao ngumu ya sentimita 10 italiepusha na maji ya deki na kuacha fagio lipite.

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwangu halina mjadala. Kabati hili ni jembamba. Tupu lina uzito wa kilo 26 hivi, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita chache tu nyuma ya ukingo wa mbele. Nimepiga hesabu ya mtoto wa kilo 12, yaani wa miaka miwili hivi, akining'inia kwenye mlango wa juu ulio wazi: kabati linaanguka, tena juu yake. Juni 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliagiza makabati ya droo yapatayo milioni 29 yarudishwe nchini Marekani baada ya watoto kuangukiwa na kufa, na Desemba 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kulazimisha makabati ya nguo yapimwe kama yanasimama imara. Kabati unalolitengeneza mwenyewe halipimwi na mtu yeyote ila wewe. Weka ubao wa unene wa pengo lile kati ya mgongo na ukuta, toboa ukuta kwa keekee ya zege, ingiza plagi za plastiki, kisha pitisha skrubu mbili ndefu kutoka ndani, juu kabisa, kupitia ubao wa kukazia ulioungwa chini ya bao la juu. Zikaze kabla hujaweka kiatu cha kwanza, na ukihamia nyumba nyingine, zikaze tena siku hiyohiyo.