KAZI YA MSAIDIZI WA TIBA YA VIUNGO KATIKA JAMII

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa matibabu ya mgonjwa hayamaliziki siku anapopewa ruhusa ya kutoka hospitali. Mtu aliyepatwa na kiharusi, aliyevunjika nyonga au aliyezaliwa na kilema cha miguu huhitaji kuendelea na mazoezi nyumbani kwa wiki, miezi na pengine miaka. Kazi hiyo ndiyo anayoisimamia msaidizi wa tiba ya viungo, na makala haya yanakusudia kueleza wajibu wake, mipaka yake na msaada anaostahiki kupewa.

Haja ya mtumishi huyu huonekana wazi zaidi mahali palipo mbali na hospitali kubwa. Kata ya Likunja iliyomo katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, ni mfano mzuri. Eneo hilo zamani lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, kabla ya Ruangwa kuwa wilaya yenyewe katika miaka ya 1990. Wakaazi wake wengi ni wakulima wa korosho, ufuta, mahindi na mihogo. Mgonjwa wa huko anayehitaji hospitali huenda Ruangwa mjini au Nachingwea, na kwa matatizo makubwa hupelekwa Nyangao, Ndanda au Hospitali ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi. Safari hizo haziwezi kufanywa kila siku na mtu asiyeweza kusimama, na nauli yake ni mzigo kwa mkulima, hasa kabla ya mavuno.

Jambo hili si geni. Tamko la Alma-Ata la mwaka 1978 liliihesabu huduma ya kurejesha uwezo wa mgonjwa kuwa sehemu ya afya ya msingi. Katika mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafunzo kwa ajili ya utengemao katika jamii, kinacholenga familia, walimu na viongozi wa vijiji. Takwimu za shirika hilo zinaonesha kuwa watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingepata nafuu kwa huduma za utengemao. Wataalamu hawawezi kumfikia kila mmoja nyumbani kwake. Nchini Tanzania wataalamu wa tiba ya viungo wamekuwa wakifunzwa kwa miaka mingi katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, lakini idadi yao bado ni ndogo ikilinganishwa na mahitaji ya vijijini.

Msaidizi hufanya kazi kwa kufuata mpango ulioandikwa na mtaalamu. Kwa mgonjwa wa kiharusi, huwafundisha jamaa kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kuunyoosha mkono na mguu uliolegea ili usikakamae, na kumkalisha wima wakati wa kula ili chakula kisimpalie. Huwaonya pia wasimvute kwa mkono uliolegea wanapomnyanyua, kwani bega huweza kuteguka. Mgonjwa akianza kupata nguvu, hufundishwa kukaa, kusimama, kisha kutembea akishikilia fito mbili zilizofungwa uani kwa usawa wa kiuno. Vifaa vya namna hiyo seremala wa kijiji anaweza kuvitengeneza.

Kwa watoto wachanga, wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo akipelekwa hospitali katika wiki zake za mwanzo, mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo. Plasta hiyo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, na watoto wengi hufanyiwa pia upasuaji mdogo wa ukano wa kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu saa 23 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi afikie umri wa miaka minne au mitano. Wazazi wengi wakiuona mguu umenyooka huviacha viatu, na mguu hurudi kupinda. Msaidizi anayepita nyumbani na kuuliza habari za viatu hivyo ndiye anayeiokoa kazi yote iliyofanywa hospitali.

Hali kadhalika, aliyepoteza hisia za nyayo kutokana na ukoma hufundishwa kuikagua miguu yake kila siku, kuilowesha majini, kuipaka mafuta na kuvaa viatu.

Pamoja na hayo, msaidizi ana mipaka. Hatambui ugonjwa, hatoi dawa, wala hanyooshi mfupa uliovunjika. Akikuta uso umepinda upande ghafla, ulimi mzito, jeraha linalotoa usaha au mguu mmoja uliovimba na kuuma, anatakiwa asitishe mazoezi na kumpeleka mgonjwa kituo cha afya bila ya kuchelewa.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara inayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki yao ya huduma za afya na utengemao. Sheria hiyo haitamfaa mtu aliyefichwa chumbani. Hivyo basi, watendaji wa vijiji, masheha na walimu wa skuli na madrasa wanaombwa wawafahamu wenye ulemavu katika maeneo yao na kuwapeleka majina yao kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Waganga wafawidhi nao wanakumbushwa kumpa kila mgonjwa anayeruhusiwa maelezo ya mazoezi yaliyoandikwa kwa lugha anayoifahamu.

Jamaa wa mgonjwa wanasisitizwa kutokata tamaa katika miezi ya mwanzo, wakati maendeleo yanapokuwa madogo. Mgonjwa anayeweza kwenda chooni mwenyewe na kujilisha kwa mkono wake amerejeshewa heshima yake, na aliyekuwa akimuuguza amepata nafasi ya kurudi shambani.