Godzilla: Siri ya dubwana lisilozeeka

Na Mwandishi Wetu

MACHI 10, 2024, katika sherehe za tuzo za Oscar mjini Los Angeles, Marekani, Wajapani wanne walipanda jukwaani wakiwa wameshika vinyago vidogo vya mnyama mfano wa mjusi, mwenye miba mgongoni. Walikuwa wameshinda tuzo ya mbinu bora za picha.

Filamu yao, Godzilla Minus One, iliyoongozwa na Takashi Yamazaki, iligharimu chini ya dola milioni 15 za Marekani, na picha zake za ajabu zilitengenezwa na kikosi cha watu 35 tu. Miongoni mwa filamu ilizozibwaga zilikuwamo zilizogharimu zaidi ya dola milioni 200.

Kwa mashabiki wa filamu za madubwana, ushindi huo ulikuwa na maana ya pekee. Godzilla alionekana kwa mara ya kwanza katika majumba ya sinema ya Japani Novemba 3, 1954. Alikuwa akitimiza miaka 70, na kabla ya mwaka huo hakuna filamu yake hata moja iliyokuwa imewahi kuwania Oscar.

Swali linalojitokeza ni kwa nini watu hawamchoki. Kompyuta za leo zinaweza kuchora mnyama yeyote, lakini filamu ya mwaka 1954, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo mtazamaji makini hutambua kuwa dubwana lake ni mtu aliyevaa vazi la mpira, bado inatafutwa na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka.

Zipo sababu kadhaa, lakini iliyo kubwa ni moja. Dubwana hilo halikushuka kutoka mbinguni wala halikuja kwa bahati mbaya. Liliamshwa na mikono ya binadamu, na kila kizazi kinachoitazama filamu hiyo hukuta kuwa nacho kina dubwana lake.

Majivu meupe baharini

Ili kuielewa filamu hiyo, hapana budi kurudi hadi Machi 1, 1954. Alfajiri ya siku hiyo Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa kiasi cha mara 1,000 ya bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945, na ilizidi mara mbili makadirio ya wanasayansi waliolitengeneza.

Meli ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa baharini na watu 23, nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Saa chache baada ya mlipuko, majivu meupe yalianza kuwaangukia kama unga. Lilikuwa vumbi la matumbawe lililobeba mionzi.

Waliporejea bandari ya Yaizu, wavuvi hao walikuwa wameungua ngozi na nywele zinawatoka. Samaki wao walikuwa wamekwisha kuingia sokoni kabla habari hazijajulikana, na hofu ikatanda nchi nzima. Mwendesha redio wa meli hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia Septemba 23, 1954.

Siku 41 baada ya kifo hicho, filamu ya Gojira, ambalo ndilo jina la Kijapani la Godzilla, ilianza kuonyeshwa. Inafunguliwa kwa meli iliyo baharini usiku, mwanga mkali unaolipuka majini, na mwendesha redio anayehangaika kuomba msaada. Hakuna Mjapani aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Mtayarishaji wa filamu hiyo alikuwa Tomoyuki Tanaka wa kampuni ya Toho. Mwongozaji alikuwa Ishiro Honda, askari wa zamani aliyerejea kutoka China mwaka 1946 na kuuona mji wa Hiroshima ukiwa majivu. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa majeshi ya Marekani, uliomalizika Aprili 1952, maandishi juu ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yalichujwa kwa ukali. Sasa taifa hilo lilipata nafasi ya kuomboleza kupitia sinema.

Ndiyo sababu filamu hiyo ina mambo ambayo mtazamaji hayatarajii katika hadithi ya mnyama mkubwa. Ndani ya treni, mwanamke mmoja analalamika kwamba alinusurika Nagasaki na sasa kuna balaa jingine. Mjini Tokyo, mama amewakumbatia wanawe huku moto ukiwakaribia, akiwaambia kuwa muda si mrefu watamfuata baba yao. Hospitalini, watoto wanapimwa mionzi huku majeruhi wakilala sakafuni.

Filamu nyingi za aina hii huonyesha majengo yakianguka na kuishia hapo. Gojira ilionyesha waliokuwa ndani ya majengo hayo.

Mtu ndani ya vazi

Sababu ya pili ya filamu hizo kudumu ni kazi ya mikono. Mkuu wa mbinu za picha, Eiji Tsuburaya, alikuwa mpenzi mkubwa wa King Kong, filamu ya Marekani ya mwaka 1933. Katika filamu hiyo, fundi Willis O'Brien alimpa uhai sokwe wake kwa kusogeza kinyago kidogo kidogo na kukipiga picha moja baada ya nyingine.

Tsuburaya angependa kutumia njia hiyo, lakini muda na fedha havikuruhusu. Akaamua kumvisha mtu vazi na kumjengea mji mdogo wa kuvunja, wenye nyumba zilizopunguzwa hadi sehemu moja ya 25 ya ukubwa wake halisi.

Aliyepewa kazi ya kuvaa ni Haruo Nakajima. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa takriban kilo 100, gumu kiasi kwamba hakuweza kutembea zaidi ya mita chache. Ndani yake kulikuwa na joto kali la taa za studio. Ili kujifunza mwendo wa mnyama mzito, Nakajima alikwenda kuwatazama tembo na dubu katika bustani ya wanyama. Kamera nayo ilizungushwa kwa kasi kuliko kawaida, ili picha zinapoonyeshwa, dubwana lionekane likitembea polepole kama mlima. Nakajima aliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1972, na alifariki dunia mwaka 2017.

Hata ule mngurumo unaotambulika duniani kote haukutoka kwa mnyama. Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, na wenzake waliupata kwa kusugua nyuzi za zeze kubwa la besi kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha wakapunguza kasi ya sauti hiyo.

Mashabiki wanayajua yote hayo, na hayawapunguzii raha. Mtoto anayetazama picha iliyochorwa na kompyuta hana la kufanya ila kushangaa. Anayetazama mji wa maboksi ukikanyagwa na mtu aliyevaa vazi hupata wazo kwamba hata yeye anaweza kujaribu. Peter Jackson wa New Zealand aliitazama King Kong akiwa na umri wa miaka tisa akaamua kuwa mtengenezaji wa filamu. Mwaka 2005 alitoa King Kong yake mwenyewe. Guillermo del Toro wa Mexico alipotoa Pacific Rim mwaka 2013, aliitoa kwa kumbukumbu ya Honda na ya fundi wa Kimarekani wa filamu za madubwana, Ray Harryhausen.

Hofu ya kila kizazi

Jambo la tatu ni kwamba dubwana hilo hukubali kuvishwa hofu mpya. Katika miaka ya 1960, uchumi wa Japani ukikua kwa kasi, Godzilla alianza kuwa kichekesho na baadaye mlinzi wa watoto. King Kong vs. Godzilla ya mwaka 1962 ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 11 nchini humo.

Hata katika kipindi hicho cha mzaha, onyo halikupotea kabisa. Mwaka 1971, wakati moshi wa viwanda na taka zenye sumu vikiwa kero kubwa Japani, Godzilla alipambanishwa na Hedorah, dubwana lililokua kwa kula uchafu wa viwanda. Mwaka 1989 alipambana na Biollante, aliyetokana na majaribio ya kuchanganya chembe za urithi.

Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya Machi 11, 2011 kusababisha maafa katika kinu cha nyuklia cha Fukushima, ilitoka Shin Godzilla ya mwaka 2016, chini ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi. Humo dubwana linapanda nchi kavu huku viongozi wakitoka kikao kimoja kuingia kingine, kila mmoja akisubiri idhini ya mwenzake. Mwishoni haliuawi. Linagandishwa kwa kemikali na kubaki limesimama katikati ya Tokyo, kama kinu kilichoharibika ambacho wananchi wanalazimika kuishi nacho. Filamu hiyo ilipewa tuzo ya filamu bora ya mwaka nchini Japani.

Godzilla Minus One nayo ilirudi mwishoni mwa vita, ikisimulia habari za rubani aliyetumwa kufa kwa kujitoa mhanga akarejea akiwa hai na aibu moyoni. Dubwana linapokuja, serikali haipo, na ni raia na askari wa zamani wanaojikusanya kulikabili.

Walipoipunguza

Ushahidi kwamba uzito huo ndio unaowavuta mashabiki umo pia katika filamu zilizoukosa. Mwaka 1956 Gojira ilipelekwa Marekani ikiwa imekatwa na kuongezwa sehemu za mwigizaji Raymond Burr. Mengi yaliyogusa mabomu yaliondolewa, likiwamo onyo la mwisho la Dk. Yamane kwamba majaribio ya nyuklia yakiendelea, huenda Godzilla mwingine akatokea. Filamu kamili ilisubiri hadi mwaka 2004 ndipo ikaonyeshwa kwa upana katika majumba ya sinema ya nchi hiyo.

Mwaka 1998 Hollywood ilitengeneza Godzilla yake chini ya Roland Emmerich. Majaribio ya nyuklia yalitajwa, lakini lawama ziliangushiwa Ufaransa, na dubwana lenyewe likawa mjusi mkubwa anayekimbia helikopta na kuuawa kwa makombora ya ndege. Mashabiki waliikataa. Mwaka 2004, katika Godzilla: Final Wars, kampuni ya Toho ilimleta mnyama huyo kwa jina la Zilla na kumpambanisha na Godzilla wa Kijapani mjini Sydney. Pambano lilimalizika kwa sekunde chache.

King Kong ya mwaka 1933 nayo ilidumu kwa sababu inayofanana na hiyo. Kong hakwenda New York kwa hiari. Alitekwa kisiwani kwake, akafungwa minyororo na kuonyeshwa kwa tiketi. Anapoanguka kutoka juu ya jengo la Empire State akiwa amepigwa risasi na ndege, wengi ukumbini humwonea huruma yeye.

Paka wa Sultani

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa fikra hii. Katika ngano ya Nunda mla watu, iliyosimuliwa Zanzibar na kuchapishwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870, balaa linaanza na paka wa Sultani. Anakula mbuzi, kisha ng'ombe. Wananchi wakilalamika, Sultani anajibu kuwa paka ni wake, na vinavyoliwa ni vyake. Paka anazidi kukua hadi anakula watu, na hatimaye watoto wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani anapokubali kuwa amefuga Nunda.

Msimulizi wa Zanzibar na Honda hawakujuana, lakini wote wawili waliona jambo moja: dubwana la kutisha zaidi ni lile ambalo wenye mamlaka walilijua, wakalitetea, wakalilisha. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika hadithi hizi, wanaotumbukia kwanza ni wale ambao hawakushika jembe.

Pengine ndiyo sababu mwisho wa Gojira hauna shangwe. Silaha inayomwua Godzilla ilibuniwa na Dk. Serizawa, kijana anayehofu kwamba wanasiasa wakiipata wataitumia kuangamiza watu. Anakubali itumike mara moja tu. Anachoma karatasi zake zote, anazama baharini na silaha hiyo, kisha anakata kamba yake ili siri ife pamoja naye.

Nje ya sinema, hakuna aliyechoma karatasi. Mwaka 1956, kutokana na vuguvugu lililozuka baada ya mkasa wa Bikini, manusura wa Hiroshima na Nagasaki waliunda chama cha Nihon Hidankyo kupinga silaha za nyuklia. Oktoba 2024 chama hicho kilitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wanachama wake waliobaki ni wazee, na silaha wanazozipinga zingalipo kwa maelfu.

Godzilla naye yupo. Filamu zake zimezidi 30, na kila mara mwishoni anapozama baharini, mashabiki wanajua kwamba atarudi, kwa kuwa kilichomwamsha hakijaondolewa.