Nilikaa Turkana miaka 14 bila kuliona ziwa

ILIKUWA saa kumi na moja alfajiri, Januari 2024, tulipoondoka Kapoeta tukiwa watu watano ndani ya gari la shemeji yangu. Mimi nilikuwa kwenye usukani, mama watoto pembeni yangu, na nyuma walikaa binti yetu wa kwanza na wadogo zake wawili wa kiume. Juu ya paa tulikuwa tumefunga sanduku la bati, la shule. Sanduku hilo ndilo lililokuwa sababu ya safari. Mengine yote, yaani ziwa, kisiwa na jangwa, niliyaongeza mimi.

Niseme ukweli mapema: sikutaka binti huyu aende kusoma Kitale. Mimi ni mwalimu, na nilisomea ukimbizini. Niliingia Kakuma mwaka 1992 nikiwa na umri wa miaka 13, nikasoma chini ya mti, kisha chini ya mabati, nikafanya mitihani ya Kenya nikiwa humo humo kambini. Nilirudi nyumbani mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya mkataba wa amani. Siku niliyorudi niliapa kwamba wanangu watasoma kwao. Sasa nilikuwa nimefunga sanduku la bati kwa mikono yangu mwenyewe, na majirani hawakuninyamazia. Mmoja aliniuliza kama mpishi asiyekula chakula chake anatarajia nani akile.

Mama watoto hakubishana nami kwa maneno mengi. Aliniuliza swali moja tu akipepeta mtama: "Mwalimu, shule yenu ina mwalimu wa hisabati?"

Hatuna. Aliyekuwapo alipata kazi ya udereva katika shirika la misaada. Simlaumu, kwani mshahara wetu hupita miezi bila kuonekana, na ukionekana pauni imekwisha yeyuka. Karo ya binti aliitafuta mama yake, kwa sukari, sabuni na unga anaovusha kutoka Lokichoggio, na akiba yake huiweka kwa shilingi. Mwenye fedha alikuwa yeye, kwa hiyo mwenye neno alikuwa yeye. Nikakubali, ila nikaomba kitu kimoja: tupitie ziwani.

"Ziwa gani?"

"Ziwa Turkana."

Alinitazama kwa mshangao. Wewe uliyekaa huko miaka 14, alisema, hujaliona ziwa lao?

Sikuliona. Wenzangu waliopitia Kakuma wataelewa bila maelezo. Mkimbizi hakutoka kambini ila awe na karatasi ya ruhusa, na karatasi ile ilitaja mahali unapokwenda na siku utakayorudi. Mwaka 2001 nilipewa ya siku tatu kwenda Lodwar kwenye semina ya walimu. Pale njia panda nikaona kibao cha kwenda Kalokol, ufukweni, mwendo wa kilomita 60 hivi. Karatasi yangu iliandikwa Lodwar. Nikarudi Kakuma na chaki nilizogawiwa.

Safari haikuanza vizuri. Kabla ya kufika Nadapal gari lilizama kwenye mchanga wa laga, na kwa saa nzima mimi na wavulana tulichimba kwa sahani za chakula. Vijana wachungaji walikuja, wakatutazama, hawakusogea. Mama watoto, ambaye kwao ni Narus, akashuka akawasalimu kwa Kitoposa, akamtaja babu wa mmoja wao. Gari likatoka kwa msukumo mmoja.

Kwa msomaji ambaye hajavuka Nadapal kwa gari: huku kwetu tunaendesha upande wa kulia, Kenya ni kushoto. Mpaka ukishavukwa, mwenye usukani huanza kujisemea peke yake. Binti yangu alipewa kazi ya kunikumbusha, na kila tulipokutana na lori alipiga kelele "Kushoto, Baba!" hadi tukazoea. Jambo jingine ni kadi za chanjo ya homa ya manjano. Tulidaiwa za watoto pia, si za wakubwa pekee, na familia moja nyuma yetu ilikwama kwa sababu hiyo. Wafanyabiashara mnaopita peke yenu kila wiki, siku mkibeba familia msisahau hilo.

Lokichoggio wavulana waliuliza kwa nini mji mdogo una uwanja wa ndege mkubwa namna ile. Nikawaeleza kuhusu operesheni kubwa ya misaada iliyoanza mwaka 1989, jinsi ndege zilivyoruka kutoka pale kwenda kudondosha magunia ya nafaka kwetu wakati wa vita, na kuhusu hospitali ya Lopiding, ambako majeruhi wetu walikatwa miguu na kuundiwa mingine. Mdogo aliuliza kama magunia yalimwangukia mtu. Nikamwambia ndiyo, ilitokea.

Kakuma tulilala usiku mmoja, na hapo nilipatwa na aibu ndogo. Kwa miaka mingi nimewasimulia wanangu habari za vumbi, kiu na jua lisilo na huruma. Lakini mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilikuwa zimepita juzi tu baada ya ukame wa misimu mingi. Kingo za mto Tarach zilikuwa kijani, mbuzi wamenenepa, mathenge imefunika viwanja tulivyochezea mpira. "Baba, mbona ni pazuri?" aliuliza mkubwa wa wavulana. Hadithi zangu zote zikawa kama za mzee anayetia chumvi. Niliwapeleka kwenye shule niliyosoma. Mti haupo, na mahali pake pana tangi la maji. Nilisimama pale, nikataka kusema jambo, nikakosa, tukarudi garini.

Asubuhi tukashika njia ya Lodwar. Barabara hii wengi wetu tuliijua kwa mashimo yake. Siku hizi sehemu kubwa ni lami na mtu anaweza kutazama nje ya dirisha. Nchi ni tambarare, mawe meusi ya volkano, vichuguu vyembamba virefu kuliko mtu, na milima ya mbali yenye rangi ya majivu. Ngamia huvuka bila haraka. Ukikaribia Lodwar inaanza mikoma, ile mitende yenye shina linalogawanyika, imejipanga kando ya mto Turkwel.

Lodwar ni mji wa kumweleza mtoto historia. Jomo Kenyatta, baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953, alifungwa Lokitaung, kaskazini ya hapa, hadi 1959, kisha akawekwa Lodwar chini ya amri ya kutotoka hadi 1961. Wakoloni hawakuhitaji kuta ndefu, jangwa lenyewe lilikuwa ukuta. Binti yangu, ambaye husikiliza hata unapodhani amelala, aliuliza: "Kwa hiyo na yeye hakuliona ziwa?" Nikasema sijui. Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Kabla ya kufika Kalokol tulisimama Namoratunga. Ni nguzo za mawe zilizosimikwa ardhini zikiwa zimeinama huku na huko, kando kabisa ya barabara. Wataalamu wanasema zina umri wa miaka elfu kadhaa. Waturkana husimulia kwamba walikuwa wacheza ngoma waliogeuzwa mawe. Mpita njia huweka kijiwe juu ya nguzo, nasi tukaweka, hata mama watoto ambaye alikuwa ameanza kutazama saa.

Halafu ziwa. Sitajifanya kulieleza sana. Unatoka kwenye mawe na mchanga, unapanda kilima kidogo, na mbele yako kuna maji ya kijani yasiyo na mwisho. Ni ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote yaliyo jangwani duniani, takriban kilomita za mraba 6,400, na sehemu kubwa mno ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Wavulana walikimbia. Mimi nilikaa kwenye boneti ya gari. Mama watoto alikuja akakaa kando yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Kapoeta hakutaja saa.

Kutoka ufukweni unakodi mashua kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Kati. Nahodha alitukatalia asubuhi, akasema upepo wa alfajiri hauna mchezo, tusubiri upoe. Wasafiri wengine walinung'unika. Mimi nawaomba wazazi wamsikilize nahodha. Lile si bwawa, mawimbi yake ni ya bahari. Tiketi ya hifadhi hulipwa kwa simu, fedha za mkononi hazipokelewi, na ni heri kulipa ukiwa bado una mtandao. Simu iliyolipa ilikuwa ya mama watoto. Karibu saa nzima kwenye mashua, wote tukiwa na maboya, na mdogo akatapika mara mbili.

Kisiwa kina ukubwa wa kilomita za mraba tano tu, lakini ni volkano tatu zilizoshikana, na ndani ya vinywa vyake kuna maziwa matatu madogo. Moja lina mamba, jingine heroe, jingine perege, na ndiyo majina yake. Tulipanda ukingo wa changarawe nyeusi inayoteleza, moshi wa kiberiti ukitoka kwenye nyufa. Tukatazama chini. Mamba walikuwa wamelala ufukweni kama magogo, na mmoja alipojisukuma majini mkubwa wa wavulana alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu afikishe miaka minane.

Askari wa hifadhi alituonyesha mashariki, ng'ambo ya maji, iliko Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi iliyoanzishwa 1973 kulinda mabaki ya binadamu wa kale. Upande wetu wa magharibi, kaskazini ya Kalokol, ndiko Nariokotome, ambako mwaka 1984 Kamoya Kimeu alikiona kipande cha kwanza cha mifupa ya mtoto wa kiume aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini zimo pamoja katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2018 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa kuhofia bwawa la Gibe III kwenye mto Omo. Cha ajabu, tuliowakuta ufukweni walilalamikia maji kuongezeka. Walituonyesha vichwa vya mikoma vikichungulia majini, mahali palipokuwa na nyumba.

Ni kule juu ya ukingo nilipozungumza na binti yangu. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Kapoeta, juu ya bidii, nidhamu na kutosahau kwao. Yeye akaniwahi. "Baba, nikiwa Kitale nitahitaji karatasi ya kutoka?" Nikamwambia wanafunzi wa bweni hupewa ruhusa na mwalimu wa zamu. Akacheka. Nikamwambia ana pasi ya kusafiria yenye jina lake, na likizo ikifika atapanda basi, hataomba mtu. "Basi si kama wewe," alisema, akainuka kutazama heroe. Hotuba nikairudisha mfukoni.

Tuliporudi Kalokol mama watoto alikuwa ametoweka. Tulimkuta kwenye vibanda vya samaki, ameketi katikati ya wanawake sita, anazungumza nao Kitoposa nao wanamjibu Kiturkana, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilisimama pembeni kama mgeni. Samaki wa pale hukaushwa kwa chumvi na jua, hufungwa mafungu, hupakiwa kwenye malori hadi Kitale na Kisumu, na wengine huvuka Uganda hadi Kongo. "Kongo wanakula, sisi wa hapo Kapoeta hatuli?" aliniuliza garini. Alikuwa na bei zote kichwani.

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu: Lodwar, Lokichar, Kainuk, tukipita kati ya hifadhi za Turkana Kusini na Nasolot ambako wanasema kuna ndovu, hatukuona hata mmoja. Vizuizi vya polisi eneo lile ni vingi kwa sababu ya wezi wa mifugo, na hatukusimama mahali tusipoamriwa. Kisha barabara ikajipinda kwenye bonde la Marich, hewa ikapoa, watoto wakaomba masweta ambayo hatukuwa nayo. Kapenguria mahindi, Kitale mvua.

Shuleni binti alijaza fomu mwenyewe. Mimi nilibeba sanduku hadi mlango wa bweni, ambapo matroni alilipokea akasema wanaume mwisho hapo. Binti aliwakumbatia wadogo zake, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akanipa mkono kama tulivyowafunza, kisha akabadili mawazo akanikumbatia.

Safari ya kurudi mama watoto alishika ramani. Pale njia panda ya Lodwar aliniambia nikate kulia. Tulipakia mafungu manne ya samaki, mawili juu ya paa mahali pa sanduku na mawili kwenye kiti cha dada mtu, na wavulana wakafunga madirisha wakafungua tena hadi Nadapal. Ushuru ulilipwa kwa stakabadhi. Mafungu yote yaliisha sokoni Kapoeta kwa siku tatu.

Binti alipopiga simu mara ya kwanza, Jumapili, kwa simu ya matroni, hakuuliza habari za shule yangu. Aliuliza kama gari la mjomba bado linanuka.