Msaada wa Serikali Hufuata Karatasi ya Shamba

Katika vikao vyetu vya vijijini, teritwari ya Djugu, swali moja hurudi kila mara: kwa nini msaada wa kilimo wa serikali huwafikia wenye mashamba makubwa, na sisi wa jembe hatuuoni? Watu huuliza kwa hasira, maana hapa Ituri mambo ya ardhi yameua. Tumeona vema tueleze njia ambayo msaada huo hupitia.

Kwanza kuna karatasi. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walifungua mashamba ya kahawa na ya ng'ombe katika milima ya Djugu. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 iliifanya serikali kuwa mwenye ardhi yote, na Novemba mwaka huo Rais Mobutu akatangaza kwamba mali ya wageni itapewa raia. Hizo konsesyo, yaani mashamba makubwa yenye hati ya serikali, zilishikwa na watu wachache waliosoma na kujulikana Kinshasa. Kwetu wengi wao walikuwa Wahema. Wachache, tunarudia: mfugaji mdogo wa Kihema hakupata kitu, sawa na jirani yake Mlendu.

Sheria ileile ilisema kwamba ardhi wanazokalia wanakijiji kwa desturi zitapangwa kwa agizo la rais. Miongo ikapita, agizo halikutoka. Lakini hati ya konsesyo ikimaliza miaka miwili bila kupingwa mahakamani, haivunjwi tena. Na hati imeandikwa kwa Kifaransa, iko ofisini mjini. Kijijini nani angeiona? Ugomvi juu ya mipaka ya konsesyo huko Walendu-Pitsi ndio uliowasha moto Juni 1999. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba hadi 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa. Desemba 2017 mapigano yalirudi Djugu.

Sasa, ruzuku yenyewe. Ulaya mkulima hulipwa na serikali kwa hesabu ya hekta. Kwetu ruzuku huja kwa sura nyingine: mkopo, chanjo, mbegu, kusamehewa ushuru. Katika miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na mradi wa serikali wa kuendeleza mifugo Ituri, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mkopo wa kilimo huomba dhamana, na dhamana ya shamba ni hati. Sheria ya kilimo ya Desemba 24, 2011 nayo iliondoa ushuru kwa pembejeo zinazoingizwa kutoka nje. Jambo jema, ila mama anayelima maharagi kwa jembe haagizi kitu ng'ambo. Tuwe wa haki: sheria hiyo inatambua pia haki za desturi za wenyeji juu ya ardhi. Inazitambua, lakini benki haipokei desturi.

Sisi wa mashirika tusijifanye safi. Msimu mmoja tuligawa mbegu na majembe kwa familia zilizorudi kutoka kambini. Tulichukua orodha kwa chefu, tukahesabu majina, tukaenda zetu. Hatukuuliza shamba ni la nani. Familia zilisafisha kichaka na kulima vizuri, na baada ya mavuno mwenye konsesyo akaja na hati yake, akaingiza ng'ombe. Msaada wetu ulikuwa umemfyekea malisho bure. Vijana wa kijiji walitaka kukata ng'ombe mapanga, na wazee walikesha siku mbili kuwatuliza.

Tangu hapo hatugawi kitu kabla ya kutembea mipakani pamoja na mwenye hati, wanaolima, chefu na majirani wa kabila zote mbili. Wakikubaliana, tunaandika kwa Kiswahili: misimu mingapi watalima, ng'ombe watapita wapi, nani atalipa mazao yakiliwa. Kila upande unabaki na nakala. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na wafadhili hulalamika kwamba mvua zinaanza na mbegu bado ziko ghalani Bunia. Ni kweli, zinachelewa. Mahali ambapo mwenye hati amekataa kuja, hatujazipeleka.