Gari Kuukuu na Vipuri Vyake: Lipi Hasa la Asili?



Kila mmoja wetu aliyepata kushika bunduki ya zamani ya Kiingereza aina ya Lee-Enfield analikumbuka somo la kwanza la ghala ya silaha: namba iliyochongwa kwenye bolti sharti ilingane na namba iliyochongwa kwenye bunduki yenyewe. Tulipokuwa katika shule ya kadeti tulidhani huo ni ukaidi wa sajini tu, maana kwa macho yetu bolti zote zilifanana, na zote ziliingia. Sajini akatufahamisha kwamba kiwandani kila bolti ilipimwa pamoja na bunduki yake, ili nafasi baina ya uso wa bolti na kitako cha risasi iwe sahihi. Ukipachika bolti ya bunduki nyingine, nafasi ile yaweza kuzidi kipimo, na ganda la risasi likapasuka karibu na uso wa mpigaji. Basi namba ile haikuwa pambo. Ilikuwa ni ushahidi.

Tumelikumbuka somo hilo kwa sababu ya mjadala ambao umedumu miaka mingi huko Uingereza baina ya watu wanaofufua magari ya kale ya spoti. Swali lao ni hili: gari lililobadilishwa vipuri, kimoja baada ya kingine, je, bado ni gari lilelile lililotoka kiwandani? Na kipi kihesabiwe kuwa kipuri cha asili? Msomaji asidhani kuwa hilo ni gumzo la matajiri wasio na kazi. Ndani yake mna fedha nyingi, mna usalama wa roho za watu, na mna suala la ukweli na udanganyifu, ambalo polisi na askari hawawezi kulipa kisogo.

MAGARI YENYEWE

Tuyataje machache. MG TC liliundwa katika mji wa Abingdon kuanzia mwaka 1945 hadi 1949, nayo yalikuwa kiasi cha magari 10,000. Bati za bodi yake zilipigiliwa juu ya fremu ya mbao. Jaguar XK120 lilionyeshwa London mwaka 1948. Magari kama 240 ya mwanzo yalivikwa bodi ya aluminiamu, na yaliyofuata yakavikwa chuma. Jaguar E-Type lilizinduliwa Geneva mwezi Machi 1961. MGB nalo liliundwa Abingdon tangu 1962 hadi 1980, na idadi yake ilizidi nusu milioni.

Adui mkubwa wa magari haya ni kutu. Mvua za Uingereza ni nyingi, na wakati wa baridi barabara hunyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chuma huliwa, mbao huoza, nyaya hukauka na kukatika. Anayetaka kulirudisha gari la namna hiyo barabarani hana budi kubadilisha vitu, na hapo ndipo ugomvi huanza.

WANAOSHIKILIA ASILI

Wako wanaosema kwamba gari lirudishwe kama lilivyotoka kwenye lango la kiwanda: rangi ileile, kabureta ileile, taa zilezile, hata vibanio vya mipira ya maji viwe vya namna ileile. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, na watu hawa wangeikubali methali hiyo bila kusita.

Wala hawakosi hoja. Chukua mfano wa bolti za injini ya MG TC. Injini hiyo ilitoka katika ukoo wa Morris, ambaye mwaka 1923 alinunua kiwanda cha injini kilichokuwa Coventry kutoka kwa kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss. Mashine za Wafaransa zilichonga hesi kwa vipimo vya milimita, nayo desturi hiyo ikaendelea. Lakini mafundi wa Uingereza walikuwa na spana za kipimo chao wenyewe cha Whitworth. Kwa hiyo vichwa vya bolti vilifanywa vienee spana hizo. Ndipo ikapatikana bolti yenye kichwa cha Kiingereza na hesi ya Kifaransa. Fundi asiyejua habari hiyo huona spana yake imeenea, akachukua bolti nyingine yoyote yenye kichwa kama kile, akaikaza kwa nguvu, akaharibu tundu ambalo lilikaa salama tangu kabla hajazaliwa. Hapa kuifuata asili si majivuno. Ni elimu ya kazi.

Mfano wa pili ni E-Type za mwanzo kabisa. Katika magari kama 500 ya kwanza, boneti ilifungwa kwa makufuli ya nje yaliyohitaji ufunguo wake maalumu, na hadi mapema mwaka 1962 sakafu ilikuwa tambarare. Dereva mrefu alipata taabu ya kukunja miguu, na kiwanda kikaishusha sakafu. Mwenye gari la mwanzo akibadilisha sakafu ili apate raha, siku ya kuuza ataulizwa, na bei itashuka. Kasoro ya kiwanda imegeuka kuwa alama ya heshima.

Hata hivyo kundi hili nalo hupita mpaka. Viwanda vile vilikuwa na haraka. Rangi haikuwa laini kila mahali, na milango haikufunga sawasawa. Leo yako magari yaliyofufuliwa kwa ajili ya mashindano ya uzuri ambayo rangi yake hung'aa kuliko gari lolote lililopata kutoka Abingdon au Coventry. Mwenye gari hilo husema amerudisha asili. Kwa hakika ametengeneza gari ambalo kiwanda hakikulijua kamwe.

WANAOTAKA GARI LITEMBEE

Kundi la pili husema kwamba gari liliundwa ili litembee, na gari lisilotembea ni sanamu. Wao hutoa dainamo ya zamani wakatia alteneta. Hugeuza umeme, maana magari mengi ya Kiingereza ya zama hizo yalifunga upande chanya wa betri kwenye bodi, na MGB yenyewe haikuiacha desturi hiyo mpaka mwaka 1967. Tena husema wazi kuhusu breki: katika MG za zamani, mfumo wa mafuta ya breki ulikuwa mmoja kwa magurudumu yote manne, hivyo bomba moja likipasuka dereva hubaki hana breki ya mguu. Mpira wa breki uliotoka kiwandani mwaka 1948, hata kama ni wa asili kweli, ni mauti yanayongoja mteremko.

Katika jambo hili la usalama makundi yote mawili hukaribiana. Hata mshika asili mkali hukubali kwamba tairi, mipira, bitana za breki na plagi ni vitu vya kuchakaa. Ugomvi wenyewe uko kwenye vitu vikubwa: fremu, bodi na injini.

KIPIMO CHA SERIKALI

Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa bodi mpya za MGB, zilizokandamizwa kwa mashine na kalibu zilezile za zamani. Basi mtu mwenye gari la mwaka 1963 lililooza hununua bodi mpya, akahamishia injini, ekseli, usukani na viti vyake. Bodi hiyo ni ya asili au si ya asili? Kalibu ni ileile, ramani ni ileile, lakini chuma ni cha jana.

Kwa miaka mingi idara ya leseni za magari ya Uingereza ilitumia hesabu ya pointi kuamua kama gari lililoundwa upya laweza kubaki na namba yake ya zamani. Fremu au bodi ya kujitegemea ilipewa pointi 5, iwe ni ileile ya awali au mpya ya namna ileile. Springi na vishikizo vyake vilipewa pointi 2, ekseli 2, mfumo wa gia 2, usukani 2, na injini pointi 1 tu. Gari lilihitaji pointi 8. Lililopungukiwa lilipewa namba inayoanza na herufi Q, ishara ya kuwa nasaba yake haijulikani.

Msomaji ataona ajabu moja. Katika soko, mnunuzi hutoa fedha nyingi kwa gari ambalo namba ya injini yake inalingana na daftari la kiwanda. Lakini katika hesabu ya serikali, injini ilikuwa ndiyo yenye uzito mdogo kuliko vyote. Mnunuzi hutafuta kumbukumbu. Serikali hutafuta kitambulisho. Kwa hiyo neno hilo moja, asili, laweza kuwa na maana mbili katika nyumba mbili, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

KESI YA BENTLEY

Swali hili lilifika hadi Mahakama Kuu mwaka 1990. Gari lililobishaniwa lilikuwa Bentley lililojulikana kwa jina la Old Number One, yaani Namba Moja Kuukuu. Ndilo lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929, likiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, na tena mwaka 1930, likiendeshwa na Barnato na Glen Kidston. Mwaka 1932, likiwa limeshatiwa injini ya lita 8, lilitoka juu ya ukingo wa uwanja wa Brooklands, na dereva wake, Clive Dunfee, akafa. Gari likaundwa upya kwa umbo jingine.

Miaka ilipita, na mwenye gari akakubaliana kuliuza kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akakataa, akidai kwamba hilo silo gari la Le Mans. Wataalamu wakaitwa. Katika vipuri vya mwaka 1929 ikaonekana kwamba vilivyosalia vyahesabika kwa vidole: mhimili wa pedali, ganda la giaboksi na mlingoti wa usukani. Nani asingedhani kwamba mnunuzi ameshinda?

Jaji Otton aliamua vingine. Alisema gari hilo halistahili kuitwa la awali kwa maana ya kuwa na vipuri vilevile. Lakini vipuri vipya viliingia kidogo kidogo, katika mwendo wa maisha yake, na wakati wowote gari halikupoteza utambulisho wake. Wala hapakuwa na gari jingine lililoweza kudai jina hilo. Kwa hiyo lilikuwa Old Number One halisi. Mnunuzi akashindwa.

Na hivi karibuni viwanda vyenyewe vimeongeza utata. Tarehe 12 Februari 1957 moto uliteketeza kiwanda cha Jaguar kule Browns Lane, na magari 9 yaliyokusudiwa kuwa XKSS yakaangamia. Yaliyokamilika yakawa 16 tu. Mwaka 2016 kampuni ilitangaza kwamba itayaunda yale 9 yaliyosalia, kufuatana na ramani za kale. Kiwanda ni chenye jina lilelile, na ramani ni ileile. Lakini je, gari lililozaliwa karibu miaka 60 baada ya ndugu zake ni pacha wao, au ni mjukuu?

LA KUJIFUNZA

Sisi tunasema, jibu liko katika kikosi cha askari. Kikosi kilichoundwa miaka 50 iliyopita hakina leo hata askari mmoja wa siku ile. Makamanda wamestaafu, wengine wamezikwa kwa mizinga, vijana wapya wamejaza safu. Hata hivyo hakuna asemaye kwamba kikosi kimekufa, kwa sababu kila aliyeingia aliandikwa, kila aliyetoka aliandikwa, na bendera haikuanguka baina yao. Lakini mtu akikusanya vijana mia njiani, akawavika sare na kuwapa jina la kikosi hicho, hao si kikosi. Ni wahuni waliovaa sare.

Ndivyo lilivyo gari. Kipuri kipya si dhambi. Dhambi ni kipuri kipya kinachodai kuwa cha kale. Hutokea magari mawili yakadai namba moja ya fremu, kwa sababu gari moja lilipasuliwa na kila kipande kikajengewa gari zima. Bamba la namba hung'olewa hapa likapigiliwa pale. Namba huchongwa upya kwa patasi. Polisi mwenzetu, hayo unayajua hata bila ya kufika Uingereza.

Ndiyo maana shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, katika mkataba wake wa Turin wa mwaka 2012 linasisitiza kwamba kazi ya ufufuaji iandikwe, na kilichobadilishwa kiweze kutambulika. Na ndiyo maana jumba la makumbusho la magari kule Gaydon huhifadhi madaftari ya viwanda vilivyokwisha kufungwa, likatoa hati zinazotaja tarehe ya kuundwa, namba ya injini na rangi ya kwanza ya gari. Karatasi hizo hazikazi bolti hata moja, lakini bila hizo mabishano yasingekuwa na mwisho.

Tulimwona sajini wetu kuwa mkaidi kwa kung'ang'ania namba ya bolti. Siku moja bunduki mbili ziliposafishwa juu ya meza moja na bolti zikabadilishana, hakupiga kelele. Alifungua daftari, akaweka kidole juu ya namba, akangoja tuone wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.